Maswali ya Wasomaji: Joto, Vumbi na Kivuli cha Mjini

Barua nyingi tulizopokea msimu huu wa kaskazi zinalalamikia mambo mawili, joto lisilopoa hata usiku na hewa inayokereketa koo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Maswali marefu tumeyafupisha.

Nyumba yangu iko Tabata, ya tofali za saruji na bati, kiwanja cha mita 20 kwa 20. Mchana tunavumilia, lakini hadi saa sita usiku chumba cha kulala kinafukuta. Nataka kupanda miti. Nipande ipi, na upande upi? (Mwenye nyumba, Dar es Salaam)

Ukuta wa saruji hunywa joto mchana kutwa, kisha hulirudisha ndani jua likishazama. Ndiyo maana kitanda kinakuwa cha moto wakati nje kumeanza kupoa. Kazi ya mti, kwa hiyo, ni kuukinga ukuta na jua la alasiri.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua linakaribia utosini, na linachochoma hapo ni bati. Ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi, hewa ikiwa bado na ubaridi. Ukuta wa magharibi hupigwa kuanzia saa tisa alasiri hadi jua kuzama, hewa yenyewe ikiwa tayari imechemka, na huo ndio unaokunyima usingizi. Kati ya Desemba na Februari jua huzama likiwa limeelemea kusini kidogo. Mti wako wa kwanza uupande magharibi, ukisogea kusini-magharibi, mkabala na chumba cha kulala.

Upande wa kaskazini-mashariki uache wazi. Upepo wa kaskazi, unaovuma miezi hiyohiyo ya joto, unatokea huko. Wengi huzungushia kiwanja chote miashoki iliyosongamana, halafu ndani ya nyumba hakuna hewa. Mwashoki ni mti mrefu mwembamba, na kivuli chake ni ukanda mdogo unaohamahama. Hauwezi kufunika ukuta wala watu.

Kwa kiwanja chako unahitaji mti mmoja mkubwa wenye matawi yaliyotanuka. Mkungu unafaa sana Pwani: matawi yake hutandaa kwa ghorofa, majani ni mapana na unavumilia chumvi ya upepo wa bahari, ila hupukutisha majani kwa wingi na utafagia. Mwarobaini hukua upesi, hustahimili kiangazi, na ukitunzwa hutoa kivuli cha kukaa chini yake katika miaka 3 hadi 5. Mwembe huchelewa kidogo, lakini kivuli chake ni kizito kuliko vyote. Wowote utakaouchagua, uwe mita 5 hadi 6 kutoka ukutani, na usiwe chini ya nyaya za umeme. Fikasi uiache kabisa kama una chemba au bomba ndani ya mita 15. Mizizi yake hufuata unyevu wa bomba linalovuja, huingia ndani na kuliziba.

Mti ukishazidi kimo cha mtu, anza kuondoa matawi ya chini kidogo kidogo hadi mita 2.5 kutoka ardhini, ili kivuli kibaki juu na upepo upite chini. Usikate zaidi ya theluthi moja ya matawi kwa msimu mmoja. Ukipitiliza, mti hutumia nguvu zake kuchipua machipukizi dhaifu yanayokatika kwa upepo.

Sasa bati. Mti hautalifunika lote, na kabla ya miaka minne hautalifunika kabisa. Bati jipya linalong'aa huakisi mwanga vizuri, lakini joto kidogo linaloingia hulishikilia na huchelewa kulitoa. Bati lenye kutu ni baya zaidi. Rangi nyeupe ya mabati huakisi jua na pia huachia joto kwa urahisi. Fanya kazi hiyo kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza, acha likauke siku nzima. Paka praima ya mabati ya zinki, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya nje. Lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, hivyo paa la mita za mraba 90 litahitaji takriban ndoo moja ya lita 20 kwa mikono yote miwili. Rangi ikibanduka baada ya mvua za kwanza, karibu kila mara ni kwa sababu praima ilirukwa au bati lilikuwa na mafuta ya kiwandani. Chokaa tupu juu ya bati haidumu. Ipake kwenye paa la zege. Kama unakinga maji ya mvua, nunua rangi isiyo na risasi na umwage maji ya mvua tatu nne za mwanzo.

Mwisho, toboa matundu ya hewa kwenye kuta za pembetatu za paa, pande zote mbili, uyafunike kwa wavu wa mbu. Hewa ya moto iliyonaswa kati ya bati na dari ipate pa kutokea.

Shule yetu ya msingi hupewa miche kila Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni. Tunaipanda kwa sherehe, watoto wanaimba. Ikifika Februari zimebaki fimbo. Tunakosea wapi? (Mwalimu, Mbagala)

Mwalimu, kosa la kwanza ni tarehe yenyewe. Juni masika yamekwisha na mche unaingia kwenye kiangazi ukiwa hauna mizizi. Pokeeni miche siku hiyo, imbeni, lakini msiipande. Itunzeni kwenye kitalu chini ya kivuli, ikimwagiwa asubuhi na jioni, na muihamishie kwenye viriba vikubwa zaidi mizizi ikianza kutokeza chini. Ipandeni Machi, mvua za mwanzo zikishalowesha udongo hadi urefu wa kiganja. Hapo itapata wiki nyingi za mvua kabla ya jua kali.

Kosa la pili ni idadi. Mche wa mwaka wa kwanza unahitaji lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Miche 100 ni lita 4,000 kwa wiki. Shule gani ya Mbagala ina maji hayo? Miche 15 ni lita 600, yaani ndoo 30 kwa wiki, ambazo darasa moja linaweza kuzibeba. Pandeni 15 ikue yote. Mwaka unaofuata ongezeni 15 mingine.

Namna ya kupanda ni hii. Chimbeni shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande wake, na wa chini upande wake. Changanyeni ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Udongo wenu ni wa kichanga na hupitisha maji upesi, kwa hiyo debe la pili si anasa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kiriba kivuliwe chote. Tumeona miche mingi iliyozikwa na nailoni yake kwa kuogopa kwamba udongo utamwagika. Kama mizizi imejizungusha ndani ya kiriba, chaneni kwa wembe mistari miwili pembeni, kina cha sentimita 1, na mkate kipande chembamba cha chini. Mizizi iliyozunguka isiponyooshwa huendelea kuzunguka, na mti ukifika mita tatu huanguka kwa upepo kana kwamba haukuwahi kuota.

Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa uleule iliokuwa nao kwenye kiriba. Ikizikwa shina huoza. Tengenezeni beseni la udongo lenye upana wa mita moja na kingo za sentimita 10 ili maji yasitiririke. Tandazeni majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, mkiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, hasa kwenye mchwa.

Msimwagilie kikombe kimoja kila siku. Maji kidogo ya kila siku hulowesha juu tu, mizizi ikabaki juu kuyafuata, na siku yakikosekana mti unakauka. Mkimwaga ndoo nzima polepole mara mbili kwa wiki, maji hushuka na mizizi huyafuata chini. Dumu la lita 5 lililotobolewa kwa sindano chini yake, likawekwa kando ya mche na kujazwa mara nne, hufanya kazi hiyo vizuri. Mwaka wa pili punguzeni hadi mara moja kwa wiki, lakini kwa ndoo mbili.

Mbuzi na mpira ni maadui wawili wanaobaki. Nguzo tatu na wavu wa kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 vinatosha. Na likizo ya Desemba iwekewe zamu ya wazazi wanaoishi jirani na shule. Miche mingi hufa wiki hizo, mvua za vuli zikikatika mapema na geti limefungwa.

Mimi ni mama lishe kandokando ya Barabara ya Mandela. Malori ya bandarini yanapita mchana kutwa, vumbi na moshi vinaishia kwenye vyombo na kifuani kwangu. Nikipanda miti mbele ya banda nitapona? (Mama lishe, Dar es Salaam)

Pole na kazi, mama. Ua wa mimea utakusaidia kwa sehemu. Lakini kuna chanzo kingine kilicho karibu nawe kuliko lori.

Moshi unaodhuru zaidi ni chembe ndogo kuliko mikromita 2.5, ambazo hupita puani na kufika ndani kabisa ya mapafu, nyingine hadi kwenye damu. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni wastani wa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa siku. Chembe hizo hutoka kwenye dizeli, na hutoka pia kwenye mkaa na kuni. Lori linapita mita kadhaa kutoka ulipo. Jiko liko nusu mita kutoka usoni mwako, saa nane kwa siku. Anza na jiko.

Usiwashe mkaa kwa mfuko wa nailoni au kipande cha ndala, moshi wake una sumu. Washia nje ya banda, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali nawe na wateja, na uingize jiko mkaa ukishashika wote. Kuni ziwe zimekauka. Kuni mbichi hutoa moshi mara nyingi zaidi na huchelewesha chungu. Kama unaweza kupata mtungi wa gesi, uanze na vyakula vinavyochukua muda mrefu jikoni, kama maharage, ambapo mkaa mwingi huishia. Usiku usilale chumba kimoja na jiko la mkaa hata kama linaonekana limezimika. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua usingizini.

Sasa ua. Kati ya banda na barabara panda mstari wa vichaka vyenye majani mengi madogo, kuanzia ardhini hadi kimo cha mita 1.5 au 2, bila mwanya chini. Ua wenye shina tupu chini na majani juu hupitisha moshi kwenye usawa uleule wa pua zenu. Kwa kazi hii mwashoki unafaa, ikiwa matawi ya chini hayajakatwa. Mwagia ua maji mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, vinginevyo vumbi lililojaa kwenye majani hurushwa tena na upepo. Ukiweza kusogeza banda mita 10 nyuma, sogeza. Moshi wa magari hupungua haraka kadiri unavyoondoka ukingoni mwa lami.

Tahadhari moja kwa wanaoishi kwenye vichochoro vyembamba vyenye magari na maghorofa pande zote. Huko miti mikubwa iliyokutanisha matawi juu ya barabara hufunika moshi usipande. Mahali pa namna hiyo vichaka vifupi ni salama zaidi.

Ardhi ya mbele ya banda imwagie maji kabla ya kufagia, au tandaza kokoto ndogo. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi nene, moshi hupita. Ile ya aina ya N95 iliyobana vizuri uso ndiyo inayozuia chembe ndogo.

Mtaa wetu una mwembe wa zamani sana. Wanataka kuukata ili kupanua barabara, na wameahidi kupanda miche 10 badala yake. Si tunapata faida? (Mjumbe wa mtaa, Morogoro)

Hapana, na hesabu yake ni rahisi. Mwembe ambao matawi yake yametanuka mita 10 hufunika eneo la takriban mita za mraba 78. Mche uliotanuka mita moja hufunika mita za mraba 0.8. Yote 10 kwa pamoja haifiki 8, tena kwa kivuli chepesi kinachopitisha jua. Mtasubiri miaka 15 au zaidi, na hiyo ni kama hakuna mche hata mmoja utakaokufa.

Mwulizeni mhandisi mambo matatu kabla hamjasaini chochote. Je, barabara inaweza kupinda mita mbili? Je, mfereji unaweza kupita upande wa pili? Je, inatosha kupunguza matawi yanayoingia barabarani? Nairobi, mwaka 2020, mkuyu mkubwa wa Westlands wenye umri unaokadiriwa kufika karne moja ulikuwa kwenye njia ya barabara mpya ya juu. Wananchi walipaza sauti, na Novemba mwaka huo ukatolewa uamuzi wa kuulinda. Barabara ilijengwa na mti ukabaki.

Mti ukibaki, mizizi yake nayo ibaki. Fundi asichimbe mtaro ndani ya eneo lililofunikwa na matawi, wala asimwage zege au kuegesha mtambo hapo. Mti uliokatwa mizizi hauonyeshi dalili siku ile. Huanza kukauka ncha za juu baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati mkandarasi ameshaondoka. Andikeni barua kupitia mwenyekiti wa mtaa kwenda kwa afisa mazingira wa manispaa, mwambatanishe picha na vipimo vya kivuli cha saa nane mchana.

Nimeweka pevingi uwanja mzima, geti hadi mlango wa nyuma. Sasa panachoma kama kikaango na mvua ikinyesha maji yanaingia kwa jirani. (Msomaji, Tegeta)

Pevingi hutunza joto kama ukuta wa saruji, na udongo uliokandamizwa chini yake haunywi maji. Huna haja ya kuing'oa yote. Acha njia mbili za matairi na njia ya kwenda mlangoni, kisha ondoa sehemu ambazo hakuna anayezikanyaga, ukianzia zile zinazogusa ukuta wa nyumba, kwa sababu joto lake hupanda moja kwa moja hadi dirishani.

Kwa mti, fungua mraba usiopungua mita 1.2 kila upande. Chini utakuta kifusi au moramu iliyoshindiliwa. Kitoe chote hadi sentimita 60 na urudishie udongo mzuri. Ukipanda juu ya kifusi, mti utadumaa au utainua pevingi ukitafuta hewa. Wakati unasubiri, simamisha chanja ya mabomba juu ya uwanja na upandishe mpasheni. Ukipata maji unaweza kufunika chanja ndani ya mwaka mmoja, na matunda unakula.

Ushauri mnaotoa ni wa Pwani. Sisi Dodoma je? (Msomaji, Dodoma)

Una haki ya kuuliza, tofauti ni kubwa. Chukua nyuzi 32 za joto. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, kama Pwani, kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji kitasoma takriban nyuzi 27. Unyevu ukiwa asilimia 30, kama siku kavu ya bara, kitasoma karibu 20. Jasho nalo ni hivyohivyo: kwenu linakauka na kuupoza mwili, Pwani linachuruzika tu. Watafiti wa Marekani mwaka 2022 walionyesha kwamba hata vijana wenye afya huanza kushindwa kujipoza kipimo hicho cha kitambaa kikikaribia nyuzi 31.

Kwa hiyo Pwani tunategemea kivuli na upepo. Dodoma mna silaha ya tatu, maji yanayokauka. Pazia la katani au gunia lililoloweshwa na kutundikwa dirishani upande wa upepo hupoza chumba kweli; Pwani lingeongeza fukuto. Miti nayo hupoza hewa ya kwenu zaidi kwa maji inayoyatoa majanini. Funga madirisha mchana kuanzia saa nne, fungua yote usiku, kwa kuwa usiku wenu una baridi ya kutosha kupoza kuta.

Mvua zenu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Pandeni mvua zikishatulia Desemba, msichelewe hadi Machi. Mkwaju, mgunga na mwarobaini vinavumilia ukame mrefu. Mkungu hautawafaa.

Ndugu yangu anakwenda Maskati, Oman, kufanya kazi ya ujenzi. Ajihadhari vipi na joto? (Dada mwenye wasiwasi, Tanga)

Dada, hatari kubwa iko siku za mwanzo. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Kanuni inayotumika kwa mfanyakazi mgeni kwenye joto ni kufanya sehemu ya tano ya kazi siku ya kwanza, na kuongeza sehemu ya tano kila siku. Anywe glasi moja ya maji kila dakika 15 hadi 20 bila kusubiri kiu, asipitishe lita 1.4 kwa saa, na ale chakula chenye chumvi. Oman hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Aijue haki hiyo kabla hajapanda ndege.

Mwenzake akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia juani, asisubiri kuona kama jasho limekatika. Anaweza kuwa bado anatoka jasho. Amvute kivulini, amvue nguo za juu, amwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, aweke barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, huku mwingine akiita gari la wagonjwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote.

Jirani huchoma majani ya mwembe kila alfajiri na moshi wote unaingia kwetu. Nimwambieje? (Msomaji, Mombasa)

Mwambie utayachukua. Alfajiri hewa iliyopoa imetulia chini na moshi haupandi, ndiyo maana hata moto mdogo unajaza nyumba. Mweleze hivyo, kisha mfanyie rahisi.

Majani ya mwembe ni magumu, yakatekate kwa panga kwanza. Pandisha lundo la mita moja kwa mita moja: majani makavu unene wa sentimita 20, juu yake maganda ya jikoni au nyasi mbichi sentimita 5, kisha udongo au samadi kidogo, na urudie hadi kimo cha mita moja. Nyunyiza maji kila tabaka. Ukikamua konzi moja mkononi itoe tone moja au mawili. Geuza kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hadi minne utakuwa na mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa mvua. Likinuka vibaya, maji au maganda yamezidi, ongeza makavu. Lisipopata joto katikati, limekauka au ni dogo mno. Nyama na samaki usitie, utawaita panya.

Naishi ghorofa ya nne Pipeline. Nimeambiwa mimea ya ndani husafisha hewa. Ninunue mingapi? (Mpangaji, Nairobi)

Nunua kwa uzuri wake. Dai hilo lilitokana na majaribio ya mwaka 1989 ya shirika la anga za juu la Marekani, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mapitio ya mwaka 2019 ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel yaligundua kwamba ili mimea ilingane na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida nyumbani, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Pesa hiyo elekeza jikoni: achana na mafuta ya taa, fungua madirisha mawili yanayoelekeana unapopika, na yafunge wakati takataka zinachomwa chini.

Mume wangu anasema miti uani inaleta mbu wa denge. Tukate? (Mama wa nyumba, Zanzibar)

Msikate. Mbu huyo huzaliana kwenye maji yaliyotuama vyomboni: vifuu, matairi, makopo, visahani chini ya vyungu vya maua, ndoo zisizo na mfuniko. Kutoka yai hadi mbu mzima ni siku 7 hadi 10, hivyo siku moja kila wiki mwageni maji yote na msugue kuta za chombo kwa brashi. Kumwaga pekee hakutoshi, kwa kuwa mayai hubandika ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi hadi maji yarudi. Visahani vijazeni mchanga. Mtini kagueni mahali pamoja tu, mashimo yaliyobaki tawi lilipovunjika. Nayo yajazeni mchanga hadi mdomoni.